Picha za Kale za Melanesia: Namna ya Kuzisoma Kabla Hujazisambaza

Kuna aina ya picha isiyoisha kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Ni ya nyeusi na nyeupe, au imetiwa rangi na kompyuta: wanaume wenye nywele za kipilipili na manyoya kichwani, mmoja kapitisha kifupa puani, na nyuma yao nyumba ndefu ya makuti. Chini yake pameandikwa "kabila la porini Afrika" au "babu zetu kabla ya ukoloni". Wachangiaji hugawanyika hapo hapo, huku wanaoona fahari, huku wanaoona haya. Ukiifuatilia mpaka inakotoka, mara nyingi unafika Papua, Vanuatu au Visiwa vya Solomon, zaidi ya kilomita 10,000 kutoka Mombasa.

Kosa la mahali ni dogo. Kubwa zaidi ni kudhani kwamba picha ya namna hii inajieleza yenyewe.

Tuelewane maneno kwanza

Melanesia ni safu ya visiwa vilivyo kaskazini na mashariki ya Australia: Guinea Mpya, Solomon, Vanuatu, Kaledonia Mpya hadi Fiji. Jina hilo hawakujipa wenyewe. Lilienezwa mwaka 1832 na baharia Mfaransa, Dumont d'Urville, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya "visiwa vya weusi". Alitazama ngozi akaona inatosha, wakati nchi moja tu ya huko, Papua Guinea Mpya, ina lugha zaidi ya 800. Wazee wa watu hao walifika upande huo wa dunia miaka 50,000 hivi iliyopita, kwa hiyo kufanana kwao na sisi hakusemi lolote kuhusu undugu wa karibu. Hata zile nywele za rangi ya dhahabu wanazozaliwa nazo baadhi ya watu weusi wa Solomon hazikuachwa na mabaharia wa Kizungu, kama inavyodaiwa. Zinatokana na badiliko la jeni moja linalopatikana huko huko.

Anthropolojia ni elimu ya kuchunguza jinsi watu wanavyoishi na kupangilia jamii yao. Utafiti wa uwandani ni ile sehemu yake ambapo mtafiti anahamia kwa watu, anajifunza lugha, anakaa miezi au miaka. Melanesia ndiyo moja ya sehemu ambako utaratibu huo ulifinyangwa. Mwaka 1898 Alfred Haddon wa Cambridge aliongoza wenzake sita kwenda visiwa vya Mlango-bahari wa Torres, kati ya Australia na Guinea Mpya. Miaka kumi na saba baadaye mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski alipiga hema visiwa vya Trobriand, mashariki ya Guinea Mpya, akakaa huko kwa vipindi viwili kati ya 1915 na 1918.

Na picha ya nyaraka? Hiyo ni zaidi ya sura unayoiona. Ni fungu lenye negativu (kioo au filamu ya awali, ambayo mwanga wake umegeuka giza na giza limegeuka mwanga), chapa ya karatasi, namba, maelezo, daftari la siku hiyo, na pengine barua. Fikiria kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina. Ukilikata jina kitambaa kinabaki na maua yake yote, ila kilichokuwa kinasemwa hukijui tena. Picha nyingi zinazotufikia ni kanga zilizokatwa jina, na nyingine zimeshonewa jina la kanga nyingine.

Kioo, shabu na mende

Mpaka miaka ya 1920 watafiti wengi walikuwa bado wanapiga picha kwenye vioo. Kioo kilipakwa upande mmoja utando wa jelatini wenye chumvi za madini ya fedha, zile zinazobadilika zikipata mwanga. Saizi ndogo iliyozoeleka ilikuwa karibu sentimita 8 kwa 11, na iliyofuata 12 kwa 16.5. Dazeni moja ya hiyo ya pili ina uzito wa karibu kilo moja, na kila kioo kinatoa picha moja tu. Anayekwenda na vioo 400 amebeba kilo thelathini na kitu za kioo kitupu, mbali na kamera, stendi ya miguu mitatu, chupa za dawa, mabeseni na taa nyekundu. Mtu wa namna hiyo hapigi picha ovyo. Kila picha iliyobaki ilitanguliwa na uamuzi: hiki kinastahili kioo, kile hakistahili.

Baada ya kupiga kuna kusafisha, na hapa ndipo nchi za joto zilipowatesa. Dawa zilitengenezwa zifanye kazi kwenye maji ya nyuzi 18 hadi 20. Maji ya kisiwani yanakaribia 30. Kwenye maji ya joto hilo jelatini inavimba, inalainika kama uji, inaachana na kioo kuanzia kingoni na kujikunja. Ukiona picha ya zamani yenye mikunjo kama ya shuka pembezoni, umeona alama ya beseni la maji ya moto. Dawa yake ilikuwa kufanya kazi usiku wa manane au alfajiri, na kuukaza utando kwa shabu au formalini kabla haujaanza kuteleza.

Kisha kioo kioshwe kwa maji safi mengi, kwa sababu dawa ya mwisho ikibaki inakuja kula picha polepole na kuacha madoa ya manjano miaka mingi baadaye. Kisiwani maji safi ni ya mvua, na ni ya kunywa. Na kioo kilichooshwa lazima kikauke, jambo ambalo kwenye hewa yenye unyevu linachukua muda wa kutosha ukungu kuota. Halafu mende: jelatini ni chakula, inatengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na mende anaitafuna akaacha vijia vyeupe juu ya uso wa mtu. Wengine walikwepa yote haya kwa kupeleka vioo bila kuvisafisha hadi Sydney au Ulaya. Waliofanya hivyo walikuja kugundua mwaka mmoja baadaye kwamba kamera ilikuwa inavujisha mwanga tangu siku ya kwanza.

Vioo hivyo vilikuwa pia vizito wa kupokea mwanga. Ndani ya nyumba ya makuti isiyo na madirisha havikuona kitu. Kuwasha unga wa magnesi, ndio uliokuwa flashi ya wakati ule, chini ya paa la majani makavu ni kuchezea moto kwa maana halisi ya maneno hayo, basi watu walitolewa nje. Ndiyo maana hifadhi zimejaa watu waliosimama uwanjani, mchana, wametulia kama wanaohesabiwa. Mtu anayetazama mamia ya picha hizo huondoka akiamini kuwa watu wale waliishi nje na hawakuwa na kazi. Usiku, jikoni, chumba cha mzazi, mazungumzo ya barazani: hayo kamera haikuyafikia.

Weusi uliozidishwa

Jambo hili watu wachache wanalijua. Vioo vya wakati ule viliona vizuri buluu, kiasi fulani kijani, na nyekundu havikuiona karibu kabisa. Hiyo ndiyo sababu chumba cha giza kiliweza kuwa na taa nyekundu. Matokeo yake kwenye picha ni kwamba anga ya buluu inatoka nyeupe tupu, na kila chenye wekundu ndani yake kinatoka cheusi. Udongo mwekundu aliojipaka mtu usoni unakuwa mweusi. Ngozi ya kahawia, ambayo ina wekundu mwingi, inatoka nyeusi kuliko ilivyokuwa, mpaka umbo la uso linapotea na yanabaki macho na meno. Wasomaji wa Ulaya walitazama picha hizo wakaamini ndivyo watu walivyo. Vioo vinavyoona rangi zote viliingia sokoni mwaka 1906, lakini vilitaka giza totoro wakati wa kusafisha, shida juu ya shida kwa mtu aliye hemani.

Kwa hiyo programu ya kutia rangi inapopewa picha ya mwaka 1898, inabahatisha. Mstari mweusi kwenye paji la uso ulikuwa mkaa au ulikuwa udongo mwekundu? Kioo kiliviandika kwa wino mmoja. Kompyuta inachagua rangi kutokana na picha nyingine ilizozizoea, na kwa watu ambao rangi ya mwilini inaeleza cheo, msiba au ukoo, hilo ni sawa na kumwandikia mtu jina ambalo si lake. Mimi picha iliyotiwa rangi siichukui kuwa ushahidi wa chochote.

Aliyepanga ni nani?

Watu husema: picha hizi ni za kuigiza, basi ni uongo. Wengine husema: ni picha, basi ni kweli. Chukua mfano wa kisiwa cha Mer mwaka 1898. Wamisionari walikuwa wameingia Mlango-bahari wa Torres mwaka 1871, na kufikia wakati wa Haddon watu walikuwa Wakristo, wanavaa nguo za dukani, na vinyago vitakatifu vya Malo-Bomai, ibada ya zamani ya kisiwa hicho, vya magamba ya kasa, havikuwepo tena. Haddon alitaka kuiona ibada. Wazee walioijua wakatengeneza vinyago upya kwa kadibodi, wakacheza, naye akachukua filamu. Kama dakika nne hivi za filamu yake ya Mer zimesalia hadi leo. Ni maigizo? Ndiyo. Ni uongo? Waliotengeneza kinyago walijua umbo lake na wimbo wake, na walikuwa na sababu zao za kukubali. Unachokitazama ni watu wa mwaka 1898 wakikumbuka, na ukikisoma hivyo hakijakudanganya. Kinadanganya pale maelezo yanapoandikwa kana kwamba ni desturi ya kila siku.

Malinowski naye aliwapanga watu, tena alikiri mwaka 1935 kwamba picha alizichukulia kama kazi ya pembeni, karibu sawa na kuokota vitu vya kumbukumbu. Lakini katika kukiri huko huko alisema kwamba alipolinganisha daftari lake na picha zake, alilazimika kurekebisha mengi aliyokuwa ameandika kuhusu mashamba ya viazi vikuu. Kamera ilikuwa imeona alichokipuuza.

Na anayepigwa naye huweza kuwa ndiye mpangaji. Jomo Kenyatta alisoma kwa Malinowski huko London, na kitabu chake kuhusu Wagikuyu kilitoka mwaka 1938 kikiwa na utangulizi wa mwalimu wake. Kwenye picha ya mwanzo wa kitabu Kenyatta, aliyekuwa amekaa Uingereza miaka na kuvaa suti, amejifunga vazi la ngozi na kujaribu ncha ya mkuki kwa kidole. Alijua anatazamwa na nani.

Kundi moja nalitenga na haya yote: picha za kupimia watu. Kuanzia 1869 kulikuwa na maelekezo ya kumsimamisha mtu uchi, mbele na ubavuni, kando ya kijiti cha kupimia au mbele ya wavu wa nyuzi wenye miraba ya inchi mbili. Mtu alipewa namba na neno "aina". Mwongozo wa Kijerumani wa Felix von Luschan wa kukusanya vitu na kuchunguza watu uliandikwa kwa ajili ya Afrika na Oseania kwa pamoja, na utawala mmoja ulishika Tanganyika, Rwanda na Burundi huku, na kaskazini mwa Guinea Mpya kule. Charles Seligman, daktari aliyekuwa kwenye safari ya 1898, ndiye aliyekuja kuandika mwaka 1930 kitabu kilichoeneza nadharia ya "Wahamiti", iliyodai kwamba ustaarabu wa Afrika uliletwa na watu wa jamii bora waliotoka nje. Wasomaji wa Kigali na Bujumbura hawahitaji kuambiwa ilifika wapi. Picha hizi zipo, watafiti wanazihitaji, ila sioni sababu ya kuzisambaza kwenye simu.

Maelezo yaliyo chini

Maelezo huwa yamepita mikono mingi. Mpigaji anaandika daftarini, mke wake au karani anaandika kwenye bahasha, mchapishaji anafupisha, makumbusho yananakili, na tovuti inatafsiri. John Watt Beattie, mpiga picha wa Tasmania, alizunguka Melanesia mwaka 1906 na meli ya misheni, kisha akauza chapa. Picha za biashara za namna hiyo ndizo unazokuta makumbusho matatu yenye maelezo matatu tofauti. Frank Hurley, mpiga picha wa Australia aliyepiga sana picha huko Papua mwanzoni mwa miaka ya 1920, alikuwa tayari anajulikana kwa kuunganisha negativu mbili tatu zikawa picha moja.

Hata maelezo ya kweli huweza kuwa mafupi kuliko picha. "Mwanamume na nguruwe, Malakula." Kwenye kisiwa hicho cha Vanuatu, alikokaa mwanaanthropolojia John Layard mwaka 1914 na 1915, nguruwe dume hung'olewa meno ya juu ili pembe za chini ziote bila kizuizi na kupinda. Mduara mmoja kamili unachukua kama miaka saba, na katika muda huo mnyama analishwa kwa mkono kwa sababu hawezi kufukua ardhi. Mtu akimchinja kwenye sherehe anapanda daraja. Kwa hiyo kilicho pichani ni akiba ya miaka na cheo cha mtu, na maelezo yamesema nguruwe.

Ukitumiwa picha leo, anza na pembe zake. Namba nyeupe iliyo pembeni iliandikwa kwa wino kwenye negativu, na inaweza kukupeleka kwa mpigaji. Itafute picha kwa njia ya picha, si kwa maneno, na usiishie kwenye nakala ya kwanza bali kwenye hifadhi yenye negativu: ya Malinowski, kama picha 1,100, iko kwenye maktaba ya London School of Economics, ya Haddon na Layard iko Cambridge, ya Margaret Mead, mwanaanthropolojia wa Marekani, iko Maktaba ya Bunge la Marekani, na Chuo Kikuu cha California, San Diego, kina hifadhi nzima ya nyaraka za Melanesia. Tazama vyombo pia. Mtumbwi wa Trobriand una ndubi upande mmoja. Ngalawa yetu ina mbili. Kibuyu chenye kijiti mkononi mwa mtu kina chokaa ya kutafunia popoo, kitu ambacho mtu wa Zanzibar atakitambua kwa tambuu ya bibi yake mapema kuliko profesa.

Angalia pia kama picha imegeuka kushoto kuwa kulia. Negativu ina upande unaong'aa na upande uliofifia wenye utando, na anayeskani akiuweka vibaya, mkono wa kulia unakuwa wa kushoto. Skani nzuri huchukua kioo chote na kingo zake, maana ukingoni ndiko kuliko na namba. Wengi hukata kingo ili picha "ipendeze".

Uhifadhi wenyewe ni kazi ya kuzuia: glavu, kioo kishikwe kingoni, kila kimoja kwenye bahasha yake ya karatasi, visimame wima kwa upande mrefu na visilazwe kwa rundo, vilivyovunjika ndivyo vinalazwa. Filamu za plastiki zilizofuata zina tabu yake. Za naitreti, zilizotengenezwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, zikioza huweza kuwaka zenyewe kwenye joto la nyuzi 40 hivi. Za asetati zinatoa harufu ya siki zinapoharibika, na moja inaambukiza nyingine kwenye boksi moja. Kama nyumbani kuna negativu za harusi za wazazi, fungua boksi unuse.

Anayeruhusiwa kutazama

Haki za mpigaji huisha, katika nchi nyingi miaka 50 au 70 baada ya kufa kwake. Wengi husimama hapo: imekuwa ya wote, tuitumie. Kwa Wamelanesia kuna hesabu nyingine. Uwanja wa ngoma wa wanaume, kinyago fulani, hatua fulani ya jando, ni mali ya ukoo au ya cheo, na kuviona bila kustahili ni kosa, awe aliyekionyesha ni mtu au karatasi. Kituo cha Utamaduni cha Vanuatu, mjini Port Vila, kina chumba kinachoitwa Tabu Room, ambamo vitu hivyo vinahifadhiwa na kufunguliwa kwa wanaoruhusiwa tu. Mswahili aliyepita jandoni au unyagoni haoni ajabu hapo.

Kwa hiyo kurudisha nakala kijijini si kupeleka fleshi yenye picha zote na kuwasha projekta uwanjani. Kwanza wazee wachache wazione faragha, wazitenge za wote na za wachache. Kisha zichapwe kwenye karatasi na kufunikwa plastiki, maana umeme na intaneti havifiki kila mahali na karatasi inazunguka yenyewe nyumba hadi nyumba. Sauti za wanaozieleza zirekodiwe kwa lugha yao, na majina yaandikwe kama wanavyoyatamka. Linaloharibu kazi mara kwa mara ni haraka ya kuandika jina la kwanza lililotajwa. Mtu aliyesimama mbele ya nyumba fulani, chini ya mti fulani, ni hoja katika kesi ya ardhi, na anayemtaja huenda ana shauri mahakamani. Waulizwe wawili watatu, kila mmoja peke yake.

Mer wanalijua hilo kuliko wote. Mwaka 1898, wakati Anthony Wilkin, mwanafunzi wa Cambridge, anashughulika na vioo, mwenzake W. H. R. Rivers alikaa na wenyeji akiandika nasaba zao: baba, mama, watoto, mume, mke, ukoo hadi ukoo. Mwaka 1982 Eddie Mabo na wenzake wa kisiwa hicho walifungua kesi kudai kwamba ardhi ya Mer ni yao tangu kabla ya Waingereza. Mabuku ya safari ya 1898 yakawa sehemu ya ushahidi. Mahakama Kuu ya Australia ilitoa hukumu tarehe 3 Juni 1992, ikakataa hoja ya kwamba nchi ile haikuwa na mwenyewe. Mabo mwenyewe alikuwa amekufa mwezi Januari. Watu ambao kwenye bahasha nyingine za enzi ile wangeandikwa "mwanamume, Mer", kwenye daftari la Rivers wana jina, wana baba na mama, na wana wajukuu.